Kanzu, Misa na kiapo: kisa cha Elizabeth wa Kwanza na wapinzani wake wa pande mbili

Tarehe 26 Machi 1566 makasisi wa jiji la London waliitwa Lambeth, kwenye makazi ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Walifika zaidi ya 100. Mbele yao alisimamishwa mwenzao, Robert Cole, ambaye zamani naye aligoma kuvaa mavazi ya kikasisi, sasa amevaa kama sheria ilivyotaka: kofia ya pembe nne, joho refu, skafu mabegani. Ndani ya kanisa ingeongezeka kanzu nyeupe ya kitani. Ofisa wa askofu akawaambia wamtazame huyo vizuri. Anayekubali kuvaa hivyo aandike kwa Kilatini Volo, nataka. Asiyekubali aandike Nolo, sitaki. Waliofungua kinywa kujieleza walinyamazishwa. Makasisi 37 waliandika sitaki. Walisimamishwa kazi hapo hapo, mapato yao yakazuiwa, wakapewa miezi mitatu ya kujifikiria kabla ya kufutwa kabisa.

Mtu mzima mwenye mke na watoto anaachaje riziki yake kwa sababu ya kanzu? Na kwa nini miaka 20 baadaye, mjini York, mke wa muuza nyama alikubali kufa kuliko kujibu shtaka la kumficha padri? Kasisi wa London angemwona mama huyo mwabudu sanamu, na mama angemwona kasisi mzushi. Lakini walichokikataa ni kitu kimoja. Walikataa kanuni ambayo Malkia Elizabeth wa Kwanza aliijengea kanisa lake lote: nipe mwili wako, ufike kanisani, uvae, upige magoti, uape, moyo wako kaa nao mwenyewe. Kanuni hiyo husifiwa hadi leo kwamba ilikuwa busara na uvumilivu. Mimi naona sifa hiyo imezidi, na kisa chenyewe kinaonyesha kwa nini.

Nchi iliyogeuzwa mara tatu

Henry wa Nane alijitenga na Papa mwaka 1534 na kujitangaza Kichwa cha Kanisa la Uingereza. Mwanawe Edward, aliyetawala kuanzia 1547, aliwaachia Waprotestanti nchi: Misa ikafutwa, sanamu zikavunjwa, Kitabu cha Sala kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1549 na tena mwaka 1552 kikiwa kikali zaidi. Mwaka 1553 akaja Mary, binti Mkatoliki wa Henry, akairudisha nchi Roma. Watu wapatao 280 walichomwa moto wakati wake, na mamia walikimbilia Frankfurt, Zürich na Geneva. Mtu aliyezaliwa mwaka 1530 alikuwa ameambiwa na dola mara tatu kwamba alichofundishwa kwanza ni uongo, naye bado hajatimiza miaka 30.

Tarehe 17 Novemba 1558 Mary alifariki. Saa chache baadaye akafariki Kadinali Reginald Pole, Askofu Mkuu wa Canterbury. Kiti cha enzi na kiti cha Canterbury vikawa wazi siku moja, na Elizabeth, mwenye umri wa miaka 25, akapata nafasi ambayo hakuna mpanga mikakati angeweza kuipanga. Ila alikuwa na tatizo la kuzaliwa nalo. Alikuwa binti wa Anne Boleyn, na mbele ya Roma ndoa ya wazazi wake haikuwa ndoa. Kwa hiyo kumtii Papa kungekuwa kukubali kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa nje, asiye na haki ya kutawala. Tunapozungumzia uchaguzi wake wa dini tusisahau hilo.

Bunge la mwaka 1559 lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilimfanya Malkia kuwa Msimamizi Mkuu wa kanisa. Cheo cha Kichwa kiliachwa, maana kiliwakera Wakatoliki, na hata Waprotestanti wengi walisema Kichwa cha Kanisa ni Kristo peke yake. Kila kasisi na kila mtumishi wa serikali alitakiwa kuapa kuukubali usimamizi huo. Sheria ya pili ilirudisha Kitabu cha Sala na kumtaka kila mtu afike kanisani kila Jumapili na sikukuu, la sivyo alipe pensi 12, ambazo kwa kibarua wa wakati ule zilikuwa zaidi ya ujira wa siku nzima. Sheria hii ilipita kwa mabwana wa Baraza la Juu kwa tofauti ya kura 3 tu. Hakuna askofu hata mmoja aliyeiunga mkono, na maaskofu wawili hawakuweza kupiga kura kwa kuwa walikuwa wamefungwa katika Mnara wa London. Msingi wa Kanisa la Anglikana ulipita kwa upenyo mwembamba kiasi hicho.

Ukitaka kuona ustadi wa mapatano yale, nenda kwenye maneno ya kasisi anapompa muumini mkate wa Ushirika. Kitabu cha 1549 kilisema: mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako, ukulinde mwili na roho hata uzima wa milele. Cha 1552 kikaifuta sentensi hiyo na kuweka nyingine: twaa, ule, kwa kukumbuka kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako. Ya kwanza inamwachia mtu nafasi ya kuamini kwamba anachopokea ni mwili wa Kristo kweli. Ya pili inamwambia kwamba anakumbuka. Kitabu cha 1559 kiliziunganisha zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Wawili waliopiga magoti bega kwa bega waliweza kupokea mkate ule ule, kila mmoja ameshika sentensi yake. Pia iliondolewa ile sala ya zamani iliyomwomba Mungu awaokoe watu na Askofu wa Roma na machukizo yake yote.

Maaskofu waliobaki kutoka enzi ya Mary walikataa kiapo, isipokuwa Anthony Kitchin wa Llandaff. Wakavuliwa vyeo. Makasisi wa vijijini kwa maelfu walikubali, kama walivyokubali chini ya Henry, Edward na Mary. Tusiwahukumu haraka. Walikuwa na parokia, watu wa kuzika na watoto wa kubatiza, na hakuna aliyejua kama malkia huyu angedumu kuliko wale waliomtangulia.

Upinzani wa ndani ya nyumba

Watu walioitwa Wapuritani, jina lililoanza kama tusi, hawakuwa nje ya kanisa. Wengi wao walikuwa mapadri wake, wahadhiri wa Cambridge, wabunge. Baadhi walikuwa wametoka uhamishoni, wakiwa wameona kwa macho yao Geneva ya Calvin, mwalimu mkuu wa Waprotestanti, nao walitegemea kwamba mwaka 1559 ni mwanzo tu. Malkia alikusudia uwe mwisho. Katika kanisa lake dogo la ikulu aliweka msalaba wa fedha na mishumaa, jambo lililowakosesha usingizi hata maaskofu aliowateua mwenyewe.

Mwaka 1563, katika mkutano mkuu wa makasisi, lililetwa pendekezo la kufuta ishara ya msalaba wakati wa ubatizo, kuwaruhusu watu wasipige magoti kwenye Ushirika, kuondoa vinanda na kupunguza mavazi. Lilishindwa kwa kura 59 dhidi ya 58. Kwa hiyo aliyewaita Wapuritani kikundi cha wakorofi wachache alikuwa hasemi kweli. Nusu ya wawakilishi wa makasisi walikuwa upande wao.

Hoja ya serikali kuhusu kanzu ilikuwa hii: Maandiko hayaiamuru wala hayaikatazi, kwa hiyo ni jambo lisilo na uzito, na katika mambo yasiyo na uzito mtawala ana haki ya kuamua. Wapuritani walijibu kwa swali ambalo hadi leo sijaona lilijibiwa vizuri: kama halina uzito, mbona mnanifukuza kazi kwa ajili yake? Kisha wakaongeza jingine. Vazi lile lilikuwa limevaliwa na mapadri wa Misa siku wenzao walipochomwa. Mshamba aliyekaa nyuma ya kanisa hasomi vitabu vya teolojia, anasoma mavazi. Akiona kanzu ile ile atasema dini ni ile ile.

Sisi wa Afrika Mashariki tusilione jambo hili kuwa geni. Waanglikana waliotuletea dini walikuja na ugomvi huo huo mizigoni. UMCA, misheni ya Waanglikana iliyojenga kanisa kuu la Zanzibar palipokuwa na soko la watumwa, ilipenda ubani, mavazi na Ekaristi. CMS, misheni nyingine ya Waanglikana iliyofanya kazi Mombasa na Uganda, ilipenda mimbari na Biblia. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu uliowakutanisha Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi. Hata leo, Mwanglikana wa Masasi akisali Dodoma kwa mara ya kwanza ataona tofauti kabla mhubiri hajafungua kinywa.

Kutoka kanzu mgogoro ulipanda hadi kwa maaskofu wenyewe. Mwaka 1570 Thomas Cartwright, profesa wa Cambridge, alifundisha kwamba kanisa la mitume halikuwa na maaskofu wakuu. Liliongozwa na wachungaji na wazee. Akapoteza kiti chake. Mwaka 1572 John Field na Thomas Wilcox walichapa waraka kwa Bunge wenye ujumbe huo huo, kwa lugha ya ukali, wakatupwa gerezani Newgate. Malkia alielewa vizuri hatari iliyokuwepo. Aliteua maaskofu yeye mwenyewe. Wazee wa kanisa waliochaguliwa na waumini angewashika kwa wapi?

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kisa hiki ni Edmund Grindal. Hakuwa mwasi. Alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeteuliwa na Malkia. Katika majimbo mengi makasisi walikuwa wakikutana kujifunza: mmoja anahubiri juu ya fungu la Biblia, wengine wanafuata juu ya fungu hilo hilo, waumini wanasikiliza, kisha makasisi wanasahihishana faraghani. Kwa kanisa lililojaa mapadri wasioweza kuhubiri, lilikuwa darasa la thamani kubwa. Malkia aliona mikusanyiko ya watu wakijadili dini bila kibali chake. Akaamuru ifutwe, na akasema wahubiri watatu au wanne wanatosha kwa wilaya nzima.

Desemba 1576 Grindal alimwandikia barua ndefu ya kukataa. Alimwambia kwamba ni afadhali auchukize ukuu wake wa duniani kuliko ukuu wa Mungu wa mbinguni. Akamkumbusha kwamba yeye ni kiumbe wa kufa. Hebu fikiria mtu aliyewekwa na Malkia akimwandikia Malkia maneno hayo, katika nchi ambayo baba wa Malkia huyo alikuwa amewakata vichwa watu kwa machache kuliko hayo. Mwaka 1577 alisimamishwa kazi na kuzuiliwa nyumbani kwake. Alibaki askofu mkuu wa jina hadi alipofariki mwaka 1583, na kwa miaka yote hiyo sita kanisa la nchi nzima lilikuwa na kiongozi asiyeruhusiwa kuongoza.

Baada yake akaja John Whitgift, mtu wa amri. Alidai kila kasisi atie sahihi kwamba Kitabu cha Sala hakina kitu kilicho kinyume na neno la Mungu. Mamia waligoma mwanzoni. Kwa wabishi ilitumika Tume Kuu ya mambo ya kanisa na kiapo chake maarufu: unaapishwa kwanza kwamba utajibu kweli tupu, maswali utayasikia baadaye. Mwaka 1593 Henry Barrow na John Greenwood, waliovuka mpaka na kusema kanisa la Malkia si kanisa kabisa, walinyongwa; John Penry akawafuata wiki chache baadaye.

Upinzani uliosukumwa nje

Miaka kumi ya mwanzo Wakatoliki walikuwa watulivu. Wengi walifika kanisani Jumapili, wakakaa kimya, wakaenda kusikiliza Misa kwa siri nyumbani kwa bwana fulani. Kulikuwa na mpangilio uliozoeleka wa kifamilia: mume anaonekana kanisani ili sheria iridhike, mke anabaki nyumbani akiwafundisha watoto rozari. Kwa kuwa mke hakuwa na mali yake kisheria, kumtoza faini ilikuwa kazi. Wanawake ndio walioubeba Ukatoliki wa Uingereza, na historia haijawapa haki yao.

Mambo yaliharibika kati ya 1568 na 1570. Mary Malkia wa Scotland, Mkatoliki na mwenye haki ya kurithi, alikimbilia Uingereza. William Allen, Mkatoliki Mwingereza, alifungua chuo huko Douai, ng'ambo, cha kuandaa mapadri. Novemba 1569 wakuu wawili wa kaskazini, wa Northumberland na Westmorland, waliingia Durham na watu wao, wakapasua Biblia ya Kiingereza na Kitabu cha Sala, na Misa ikaadhimishwa tena ndani ya kanisa kuu. Uasi ulizimwa upesi na mamia ya watu wa kawaida wakanyongwa, huku wengi wa wenye mali wakinusurika.

Februari 1570, uasi ukiwa umekwisha, Papa Pius wa Tano alitoa hati ya kumtenga Elizabeth, akamwita malkia wa kujidai, akawafungua raia wake kutoka kiapo cha utii, na kumtenga pia yeyote atakayeendelea kumtii. Mwezi Mei, John Felton aliipigilia hati hiyo kwenye lango la Askofu wa London, akauawa Agosti. Ninasema bila kusita: hakuna sheria ya Elizabeth iliyowadhuru Wakatoliki wa Uingereza kama hati ile. Mfalme Philip wa Hispania mwenyewe, mtetezi mkuu wa Roma, alikasirika kwamba hakushauriwa. Papa aliwapa watu wake uchaguzi kati ya kumsaliti Malkia na kupotea, kisha hakuwapelekea msaada wowote. Hadi jana Mkatoliki wa Lancashire aliweza kusema anampenda Malkia na anaipenda Misa. Kuanzia siku hiyo serikali ilikuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba haiwezekani.

Sheria zikafuatana. Mwaka 1571, kuingiza hati ya Papa ni uhaini. Mwaka 1581, kumvuta mtu arudi Roma ni uhaini, na faini ya kutofika kanisani ikaruka kutoka pensi 12 kwa Jumapili hadi pauni 20 kwa mwezi. Mwaka 1585, padri aliyepata daraja ng'ambo akikanyaga Uingereza ni mhaini kwa kuwepo tu, na anayempa chakula au malazi anaweza kunyongwa.

Edmund Campion alikuwa nyota ya Oxford. Mwaka 1566 alihutubia mbele ya Elizabeth na akapewa ahadi za kupandishwa. Baadaye alihamia ng'ambo, akarudi mwaka 1580 akiwa Mjesuiti, yaani mtawa wa Shirika la Yesu, amejifanya mfanyabiashara wa vito. Juni 1581 wasomi wa Oxford walikuta kijitabu chake kwenye mabenchi ya kanisa la Mtakatifu Mary. Mwezi uliofuata alikamatwa, akateswa kwa kuvutwa viungo, akahukumiwa kwa kula njama ya kumuua Malkia. Aliwaambia majaji kwamba kwa kumhukumu yeye na wenzake wanawahukumu mababu zao wenyewe, maaskofu na wafalme wote wa kale wa Uingereza. Tarehe 1 Desemba 1581 alinyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wa London, na kukatwa vipande.

Mke wa muuza nyama ni Margaret Clitherow wa mtaa wa Shambles, York. Mumewe John alikuwa mfuasi wa kanisa la serikali na alimlipia faini. Maofisa walipokuja kupekua nyumba, mtoto mmoja aliyetishwa akaonyesha chumba cha siri. Mahakamani Margaret alikataa kusema ana hatia au hana. Angejibu, kesi ingesikilizwa, na watoto wake wangeletwa kutoa ushahidi wa kumuua mama yao. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kukandamizwa. Tarehe 25 Machi 1586 alilazwa chali, jiwe chini ya mgongo, mlango juu yake, na mawe juu ya mlango hadi akafa.

Kwa nini mapatano yalisimama

Mapadri zaidi ya 120 waliuawa wakati wa Elizabeth, pamoja na makumi ya walei. Wapuritani waliouawa wanahesabika kwa vidole. Tofauti hiyo haitokani na upole wa Malkia kwao. Aliwachukia kwa moyo. Inatokana na kwamba Wapuritani walikuwa na watetezi ndani ya Baraza la Malkia, Leicester na Walsingham wakiwa mbele, na kwamba walimhitaji. Mwaka 1579 John Stubbs alikatwa mkono wa kulia kwa kuandika kitabu cha kupinga Malkia kuolewa na mwana mfalme wa Ufaransa. Alivua kofia kwa mkono uliobaki, akapaza sauti kumwombea Malkia. Akifa Elizabeth, Mary wa Scotland angekuja, na mioto ya zamani pengine ingewashwa tena. Kwa hiyo Mpuritani aliyechukia kanzu aliomba kila usiku mvaaji-taji aishi. Mkatoliki naye alijua kwamba Bunge lililojaa Wapuritani lingemtendea vibaya kuliko Malkia alivyomtendea. Mwaka 1588, Hispania ilipoleta meli zake za vita, Wakatoliki wa Uingereza hawakuinuka. Hata hivyo wapatao 30 walinyongwa mwaka huo huo.

Kingine ni muda. Alitawala miaka 44. Alipofariki mwaka 1603, Mwingereza wa makamo alikuwa hajui sala nyingine zaidi ya zile za kitabu cha 1559, na alizipenda.

Lakini ile ahadi ya kuuacha moyo haikutimizwa, na pande zote mbili ziliiona ikivunjwa. Padri aliyekamatwa aliulizwa lile lililoitwa swali la damu: Papa akituma jeshi kumwondoa Malkia, utakuwa upande gani? Hilo halikuwa swali kuhusu alichotenda. Liliuliza angewaza nini siku ambayo haijafika. Kasisi Mpuritani mbele ya Tume Kuu aliapishwa afunue yaliyomo ndani yake kabla hajaambiwa kosa. Sheria iliyoanza kwa kudai magoti na mavazi ilijikuta inadai dhamiri, kwa sababu watu walikuwa wameionyesha kwamba magoti hayapigwi bila dhamiri kuhusika.

William Cecil, Lord Burghley, mshauri mkuu wa Malkia tangu siku ya kwanza, alichapisha mwaka 1583 kitabu cha kutetea mauaji ya mapadri, akidai hakuna aliyeuawa kwa ajili ya dini. Julai 1584 aliletewa orodha ya maswali 24 ambayo Whitgift aliwaandalia makasisi Wapuritani. Aliisoma, akamwandikia askofu mkuu kwamba anadhani hata wapelelezi wa dini wa Hispania hawatumii maswali mengi hivyo kunasa mawindo yao. Alikuwa amesema kweli. Kuhusu swali walilokuwa wakiulizwa mapadri hakutoa lawama ya namna hiyo.